Kompyuta Nzito ya Bi Kanga

Shauri la Uzito Usio na Maelezo wa Kompyuta ya Bi Kanga, Mchapaji Barua wa Pori. Ndivyo baraza la wanyama lilivyoliita, likaunda kamati na kumweka Ngedere, fundi wa kompyuta, awe mtaalamu wake.

Siku hizo memori za kompyuta zilipanda bei mpaka wanunuzi wakawa wanaziangalia tu dukani na kurudi mikono mitupu. Kabla ya shauri hilo, Ngedere, alipoisafisha mashine ya Bi Kanga vumbi, alinyofoa memori moja kati ya mbili zilizoipa kasi, akamuuzia Fisi.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Kanga alisema mbele ya kamati, akimgeukia Ngedere. "Barua moja nashinda nayo kutwa, wateja wamenikimbia. Nadhani nimeishindilia maneno mengi."

"Huenda, mama," alisema Ngedere, macho chini.

"Nimekuletea kunde, kwa kunisafishia."

Kamati iliamua kwamba mashine imezeeka kama mwenyewe. Ngedere akakimbilia kwa Fisi, akamsihi amrudishie memori ile kwa bei aliyoinunulia.

"Bei ya juzi, fundi?" Fisi alicheka. "Kwani wewe sokoni huendi?"

Kilichotokea hasa ni kwamba Ngedere aliiba, Bi Kanga akaomba radhi, na Ngedere akaipokea.