Tiara ya Siku ya Posa

Siku hizi kila nyumba hupata umeme kwa tiara yake, na tiara haipai mpaka mmoja wa nyumba hiyo aishike baharini, juu ya ubao wa mawimbi. Zamu ilikuwa ya Hidaya siku waliyokuja wazee kumposa dada yake, Riziki. Na tiara nayo ikachagua saa hiyohiyo kuanguka majini, pwaa.

"We Hidaya," Riziki alimfokea kwenye kifaa cha sikioni, "feni zimesimama. Wazee wanatoka jasho utadhani wao ndio wanaoposwa, na sambusa zimelala kwenye mafuta ya baridi. Unataka nizeekee hapa?"

"Tulia, bibi harusi. Mpepee mkweo kwa ungo."

Hidaya akavuta kamba moja ya pembeni, mikono miwili. Tiara ikajipindua, ikasimama kwa ncha ya bawa, ikateleza juu ya maji ikiutafuta upepo. Wimbi likamnywesha chumvi, hakuachia. Mara tiara ikang'oka, ikichuruzika maji kama imetoka kuoga, ikamnyanyua Hidaya juu ya ubao wake huku akijipigia vigelegele mwenyewe.

"Umeme umerudi? Sema asante, dada."

"Umerudi. Wazee walikuwa barazani wanakutazama. Sasa wamebadili posa, wanamtaka aliyeinua tiara. Baba ameshaitikia."

Hidaya akacheka, akangoja dada yake naye acheke.

"Nyumba yao ina ghorofa sita za kuwashiwa umeme, mdogo wangu," Riziki akasema. "Ule vizuri."