Blanketi Jekundu Kambani

Mgeni aliposhuka garini na kuvua kofia, dobi wa ubalozi alimtambua. Alikuwa kaka yake, aliyepotelea vitani miaka miwili iliyopita.

Dobi alikuwa ameshalishika blanketi jekundu, tayari kulianika. Katika mji huu wa mpakani usiochukua upande, mabalozi wa nchi mbili zinazopigana walikaa nyumba zinazotazamana, wakiamkiana kila asubuhi kama mashemeji. Yule wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwambia dobi kwa siri: "Mpelelezi wa bosi wako akifika, anika blanketi jekundu. Watu wangu watamngoja njiani. Nami nitakutafutia kaka yako."

Sasa dobi akalirudisha kwenye beseni, akalikandamiza hadi povu likamfika viwikoni.

"Kifupi wangu!" Kaka alimkumbatia. "Umekonda! Hawa watu wanakulisha sabuni?"

Dobi alitaka kumnong'oneza, lakini balozi, bosi wake, alisimama hatua mbili nyuma yao, kikombe mkononi, akitabasamu.

"Lete hilo," kaka alisema. "Kamba hujaifikia mpaka leo."

"Bado chafu, kaka. Liache."

"Chafu wapi? Wewe na uchafu mmeanza lini kupatana?"

Akalikamua kwa mikono yake mipana, akalitandaza kambani, akalinyoosha pembe moja moja kama mama alivyowafundisha.

"Nipe vibanio."

Dobi akampa kimoja. Cha pili vidole vyake vilikataa kukiachia, kaka akakichomoa huku akicheka.

Ng'ambo ya barabara, pazia la ghorofani likafungwa.