Ukucha Usiokatwa

Zamu ilipomfikia Mama Elisante, karani alimshika kidole, akasita.

"Mama, mbona una wino? Si umeshapiga kura?"

"Huu ni wa uchaguzi uliopita, mwanangu."

Ulikuwa umebaki mstari mwembamba tu, kwenye ncha ya ukucha. Kucha nyingine alizikata. Huo aliuacha tangu alipompigia kura mwanawe Elisante, akawa mbunge wao wa huku pembezoni mwa mji, nao wakamzika kabla ya masika. Leo jimbo lilimtafuta wa kukalia kiti chake.

"Pole, mama. Ukate tu, kisha upige kura." Karani akampa wembe.

Mama Elisante aliutazama, akaurudisha. Akatoka kwenye foleni, kidole kile amekifumbata kwa mkono wa pili, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.