Boya la Tisa

"Haiondoki," Houmadi alisema, akaukanyaga ukambaa wa boti ili ieleweke kwamba hana utani.

Bwana Delmas, mwenye boti, alimkodolea macho. Wageni wake walikuwa wamekwisha kaa, kofia vichwani, chupa kwenye barafu. Walikuwa wakienda kutembea upande wa Ankify, pwani ya ng'ambo, wale chakula huko, warudi alasiri.

"Maboya ni manane," Houmadi alisema. "Abiria ni tisa."

"Wa tisa ni mtoto wangu! Ana miezi minane!"

"Kanuni haichagui umri, Bwana."

Kanuni yenyewe ilikuwa bado changa. Mwaka uliotangulia, boti ya matembezi ilipinduka mbele ya Mahajanga siku ya Jumapili wakafa watu sita, na serikali ikashtuka kwelikweli, maana wote sita walikuwa Wafaransa. Haikupita miezi mitatu karatasi ikafika hapa kisiwani Nosy Be: kila boti ya starehe ikaguliwe kabla ya kutoka, kila abiria awe na boya lake la kuvaa kifuani, na idadi iandikwe. Houmadi, Mngazija aliyelinda gati hilo miaka kumi na mmoja, aliisoma mpaka ikamkaa kichwani. Majirani walimtania kwamba sasa anailalia kama mto.

Lakini asubuhi hiyo hakuwa akijionyesha. Aliogopa. Kwenye makapu ya mikate, karibu na mashine, alikaa Echata, binti yake wa miaka kumi na mitano, mtoto pekee aliyemsalia. Alikuwa yaya wa akina Delmas tangu mwezi wa Mfungo Sita, na mtoto wao alikuwa pajani mwake. Upande wa Ankify mawingu yalikuwa yameshuka mpaka milima haionekani.

Alfajiri mkewe, Moinaecha, alikuwa amemshika mkono mlangoni. "Baba Echata, gati ni lako. Bahari ikiwa mbaya, usimwachie mwanangu aende."

"Bwana, mbingu si nzuri," Houmadi alijaribu.

"Kanuni yako inasema nini juu ya mawingu?"

Houmadi akaipitia kichwani. Haikusema kitu.

"Na juu ya maboya?"

"Tisa kwa tisa, Bwana."

Delmas alishuka akitukana, akaazima boya kwenye boti ya jirani, akamrushia kifuani. Houmadi hakujali. Aliyashika maboya yote, moja baada ya moja, akavuta kila mshipi kwa nguvu zake zote, kama mama anayekagua mshono kwa fundi asiyemwamini. Mishipi yote ilikuwa imara.

Kisha akahesabu watu kwa kidole, polepole, kuanzia nyuma penye usukani kuja mbele. Hakutaka kukosea, leo kuliko siku zote. Mwisho akarudi katikati, akainama, akagusa kichwa cha mtoto pajani mwa binti yake.

"Tisa."

"Baba, unatuchelewesha," Echata alinong'ona kwa Kingazija, akicheka kwa aibu.

"Kaa hapohapo katikati, mwanangu. Mshike mtoto vizuri."

"Nimemshika."

Akaandika: abiria tisa, maboya tisa. Ndipo akauondoa mguu.

Dhoruba ilipiga kabla ya adhuhuri. Mvua ilikuja kwa ubavu, ncha ya gati ikapotea, na mitumbwi iliyofungwa ikaanza kugongana. Moinaecha alifika mbio, leso imemgandama mwilini, akasimama na mumewe chini ya baraza ya ofisi.

"Uliangalia vizuri?"

"Nimevuta kila mshipi kwa mkono huu."

"Vizuri, Baba Echata?"

"Tisa kwa tisa, mke wangu. Tisa kwa tisa."

Alilisema hilo mara nyingi, hata alipoacha kuulizwa. Lilikuwa ndilo jambo pekee alilokuwa nalo, na moyo wake ulilishikilia.

Alasiri mvua ilipopungua, mkuu wa bandari alitoka na karatasi ya simu kutoka Antsahampano, ng'ambo ya pili. Akaisoma kwa sauti. Boti imevunjika na kuzama. Abiria wote tisa, wakiwa wamevaa maboya, wameokolewa. Wanarudishwa leo hii.

Moinaecha alikaa chini kwenye maji ya mvua akalia. Houmadi alisujudu palepale kwenye mbao zilizoloa, na alipoinuka mkuu wa bandari, ambaye hajapata kumpa mkono, alimpa.

"Lile boya la tisa, Houmadi! Bila wewe tungekuwa tunalia sasa."

"Mlinicheka!" Houmadi aliwapigia kelele majirani waliojazana, machozi yanamtoka bila haya. "Kwa karatasi yangu mlinicheka!" Na wao wakamkumbatia, wakamwomba radhi, wanawake wakapiga vigelegele.

Jua lilikuwa limeanza kuinama wakati motaboti ya Antsahampano ilipofunga gatini. Houmadi alisimama mbele ya watu wote. Kidole chake kikainuka chenyewe, kama kazini. Mmoja. Wawili. Walishuka wakitetemeka, wamefunikwa magunia, na kila mmoja aliyekanyaga gati alimpa shukrani ya kimyakimya. Wa saba alikuwa Delmas, hana kofia. Huyo hakumtazama usoni.

Wa nane alikuwa mkewe Delmas, na mikononi mwake mtoto, amefungwa ndani ya boya kubwa kuliko yeye, analia kwa sauti yenye afya.

"Tisa," Houmadi alisema, kidole juu ya kichwa cha mtoto, kama asubuhi.

"Bado mwanangu," Moinaecha alisema nyuma yake, akichungulia ndani ya motaboti, ambamo hamkubaki mtu ila nahodha aliyekuwa akikunja kamba.