Kuni za Bi Mwanaheri

Salha, mkaguzi wa hewa chafu, alipofika kupima moshi wa kiwanda cha halua, msimamizi Muhidini alimwonyesha majiko ya gesi peke yake. Wanunuzi wa ng'ambo waliisubiri ripoti hiyo. Moshi ukizidi kiwango, mkataba ungevunjika.

Nyuma ya ukuta kikasikika kikohozi.

"Na huko?" Salha akauliza.

"Ghala tupu."

Mlango ukafunguka. Bi Mwanaheri, mama yake Muhidini, aliyekianzisha kiwanda, alisimama na mwiko mkononi. Nyuma yake sufuria ya shaba ilitokota juu ya kuni.

"Loo! Ghala tupu ndiyo mimi, Muhidini?"

Mwanawe akainama. "Niwie radhi, mama. Nilichelea watakuzimia jiko lako."

"Wakilizima, nitakaa na wajukuu. Lakini moshi wangu usiuvike kanzu ya uongo. Mola ameshauona."

Salha akaweka mizani sakafuni apime kuni, kwani uzito wake ndio ungemwonyesha kiasi cha moshi. Muhidini akaukumbatia mzigo wa kuni kama mtu abebaye mtoto aliyelala, akaupandisha taratibu. Mama akamfuta masizi shavuni kwa ncha ya kanga, na mshale wa mizani ulikuwa ungali ukitetemeka.