Kiganja cha Bi Hidaya

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwinjuma, na mwenyewe hakubisha. Dawa yake ya moyo ilikaa begani, chini ya ngozi, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta na plastiki, na kisheria vilifunguka kwa joto la kiganja kimoja tu kilichoandikishwa hospitalini. Juzi, kumfurahisha mke mdogo, alifuta kiganja cha Bi Hidaya, mke mkubwa, akaandikisha cha huyo mpya. Leo mke mdogo yuko Pemba, saa ya dawa imepita, na kifua kinambana.

"Weka tu mkono, mke wangu. Miaka ishirini umenifungulia, huenda dawa ikakukumbuka."

Bi Hidaya akaweka. Begani kukawa kimya.

"Kandamiza, mama Rukia!"

"Nimekandamiza. Dawa hainikumbuki, bwana. Anayekumbuka ni mimi."