Bomba la Lafudhi Ngeni

Mkalimani alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya soda kwenye korido ya chuo cha jioni, mkoba kaukumbatia kifuani, akimsubiri mwalimu asiyemjua ili amwombe jambo la aibu: amfelishe mumewe.

Habari alizipata jana tu. Alikuwa akitafuta miwani kwenye mfuko wa koti la mumewe, akakuta kitabu cha kujifunzia lugha, kile wanachopewa wageni wakishaingia nchini, kimechakaa kwa kufunuliwa. Kumbe Jumatano zote hizo mzee hakuwa akienda kucheza drafti. Na lile vumbi jeupe kwenye mikono ya shati, alilolifua miaka yote huku akizilaani kuta za ukumbi wa drafti, lilikuwa la darasani.

Mke mwingine angeshukuru kwamba si kimada. Yeye aliona afadhali angekuwa kimada, maana hapo angejua la kufanya.

Mumewe alikuwa fundi saa, lakini mtaani walimwita Mshairi. Walikutana ujanani katika nchi isiyo kwao wote wawili, wakapendana kwa lugha ya huko, na mpaka leo ndiyo waliyoongea nyumbani. Baadaye wakaishi kwao mume, ambako mama mkwe alimfundisha mkalimani lugha yao jikoni, neno moja moja, mwiko mkononi. Mwishowe wakahamia huku, kwao mke. Lugha ya huku ikakataa kabisa kumwingia Mshairi. Basi akawa anaandika kwa lugha ya mama yake, mkewe anatafsiri, na vitabu vitatu vikatoka vikiwa na jina la mume kwenye jalada. Watu walivipenda sana. Walisema hakuna aliyewahi kuueleza ugeni namna ile.

Tatizo ni kwamba ndani yake hamkuwa na hata mstari mmoja wa Mshairi.

Mahakamani, alikofanya kazi, mkalimani hakuthubutu kuongeza hata kikohozi kwenye maneno ya mtu. Lakini shairi la kwanza alilokabidhiwa na mumewe lilianza hivi:

Bomba linavuja, goti linauma,
na mwenye nyumba hapokei simu.

Aliona haya kwa niaba yake. Akalirekebisha, kidogo tu, likawa hivi:

Bomba la huku ladondoka kwa lafudhi ngeni,
nami kitandani nalijibu kwa lugha ya mama.

La pili akalirekebisha zaidi. La tatu akaliacha kando na kuandika lake. Ugeni ule haukuwa wa mumewe hata kidogo. Ulikuwa wake mwenyewe, wa jikoni kwa mama mkwe alikochekwa akiomba chumvi, na wa hapa hapa alikozaliwa, ambako siku hizi muuza mboga humuuliza ametokea nchi gani. Hakujua kwamba ana mashairi mpaka alipokaa na yale mabovu ya mumewe. Na aliyapenda, Mungu amsamehe, kuliko chochote alichowahi kufanya kwa mikono yake.

Mshairi naye hakuwa na neno. Kila tafsiri ilipokamilika alitaka asomewe kwa sauti, akasikiliza amefumba macho.

"Sielewi kitu, mke wangu," alikuwa akisema, "lakini masikio yamefurahi."

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa moyo mwepesi. Hata mkalimani akimlalamikia dada yake kwenye simu, kwa lugha ya huku, kwamba mgongo unamuuma, basi Mshairi huyo anakuja na mto. Dada mtu alisema hiyo ndiyo ndoa ya siku nyingi, watu wanasikilizana bila maneno.

Sasa mtu huyo angejua kusoma. Mkalimani hakuogopa kugombezwa. Aliogopa kumwona akivitoa vile vitabu kwenye rafu ya sebuleni, kimoja kimoja, kimyakimya, na asiandike tena. Na mume asipoandika, yeye atatafsiri nini?

Kwa hiyo njia nzima alikuwa amekariri maneno yake. Mwalimu, mume wangu hana kichwa cha lugha. Mwache kwenye salamu, mwaka mmoja au miwili hivi.

Mfagiaji alipita na ndoo, akamwona.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mwalimu wa wageni."

"Yumo. Ila utasubiri sana. Huyo akianza mashairi, wanafunzi wenyewe hawataki kutoka."

Mashairi. Mkalimani alitoka nyuma ya mashine ya soda. Akasogea mpaka kwenye kioo cha mlango, akachungulia. Darasa lilikuwa limejaa watu wazima, kila mmoja kakiinamia kitabu chenye jalada ambalo mkalimani alilijua vizuri. Alimtafuta mumewe kwenye madawati ya nyuma, kisha ya katikati, kisha ya mbele. Hakumwona.

"Bomba la huku," mtu alikuwa akisoma, taratibu, kwa lugha ya huku iliyonyooka kabisa, "ladondoka kwa lafudhi ngeni."

Sauti hiyo aliijua. Akageuza macho ubaoni.

Mwanamke mmoja wa mbele alinyoosha mkono. Aliyatafuta maneno kwa shida, akayapata. "Mwalimu, shairi hili zuri. Ni lako? Jina lako liko hapa juu."

"Jina ndilo langu, mama," alisema Mshairi, akipangusa chaki kwenye mkono wa shati. "Mashairi ni ya mke wangu. Mimi kazi yangu ni kumwandikia mabaya, apate cha kurekebisha. Na atakayemwambia kwamba najua kusoma, namrudisha kwenye salamu."